Uliza Utoro Uko Wapi

Nikifika kwenye bwawa ambalo sijapata kulikagua, wenyeji hunipeleka kwanza kwenye maji. Wana haki. Katika vijiji vingi vya Dodoma na Singida lambo moja ndilo kinywaji cha ng'ombe, ndilo bustani ya vitunguu, ndilo tofali la nyumba na ndoo ya kichwani. Nayatazama maji, nawapongeza kwa dhati, kisha nauliza utoro uko wapi.

Hapo msafara hugawanyika. Mmoja ananyoosha mkono kulia. Mwingine anasema zamani ulikuwapo upande ule wa mkuyu. Wa tatu, mara nyingi kijana, anauliza utoro ni kitu gani. Tukishaupata, si ajabu kukuta ndani yake pameoteshwa migomba, au mahindi yamefika kiunoni, kwa kuwa pana unyevu na hapana mwenyewe.

Utoro ni njia iliyochimbwa pembeni ya tuta, chini kidogo ya kimo cha tuta lenyewe, ili bwawa likijaa maji ya ziada yapite hapo na kurudi mtoni bila kuligusa tuta. Mwenye simtanki nyumbani anakijua kile kibomba cha juu kinachomwaga maji tangi likijaa. Utoro hufanya kazi hiyo hiyo, isipokuwa tangi lililozibwa kibomba hulowesha uwanja tu, na tuta la udongo lililozibwa utoro huondoka zima na vilivyo chini yake.

Nilianza kazi hii nikiwa fundi sanifu wa maji, binti aliyebeba fimbo ya kupimia nyuma ya wahandisi wanaume, na leo mimi ndiye mhandisi na mvi zimeanza. Ninaloliamini kuliko yote ni kwamba usalama wa bwawa huamuliwa mahali ambapo hapigwi mtu picha: kwenye utoro, kwenye mguu wa tuta upande wa nyuma, na kwenye simu ya mlinzi. Zege, nondo na mitambo vina heshima yake. Lakini watu wanaokufa kwa mabwawa hufa kwa sababu mojawapo ya hayo matatu lilipuuzwa.

Wengi hudhani bwawa huvunjwa na uzito wa maji yanayolisukuma. Msukumo huo ni mkubwa kweli. Kila mita ya kina huongeza tani moja kwenye kila mita ya mraba, hivyo tuta lenye maji ya kina cha mita 10 husukumwa kwa tani 50 katika kila mita ya urefu wake, na maji yakiwa ya mita 20 zinakuwa tani 200. Kina kikiongezeka mara mbili, msukumo unapanda mara nne. Hata hivyo tuta la udongo lililoshindiliwa vizuri, lenye kitako kipana, huuhimili msukumo huo bila shida. Ukizichambua rekodi za mabwawa makubwa ya udongo yaliyobomoka duniani, karibu nusu yaliangushwa na maji yaliyopita juu ya tuta, na karibu nusu nyingine na maji yaliyopita ndani yake. Yaliyosalia ni machache.

Maji yakipita juu ya tuta la udongo huanza kama utando mwembamba unaoteremka mgongoni, ungeweza kusimama humo bila kulowa magoti. Yakifika chini kwenye mguu wa tuta yana kasi. Yanachimba kishimo, kishimo kinakuwa korongo, korongo linapanda kurudi juu likila udongo, na likishaufikia ukingo wa juu bwawa lote linajimimina kupitia pengo hilo. Pengo linapanuka kwa sababu maji ni mengi, na maji yanakuwa mengi zaidi kwa sababu pengo limepanuka. Kwenye bwawa dogo shughuli nzima huisha kabla mtu hajapata boda ya kwenda kutoa taarifa.

Usiku wa Mei 9, 2018, maji ya bwawa yaliwashukia watu wa Solai, kaunti ya Nakuru, nchini Kenya. Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Bwawa la Patel, la shamba binafsi lililokuwa mlimani juu ya makazi yao, lilipasuka familia zikiwa nyumbani, na watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao watoto na wanawake. Mamlaka ya maji ilisema bwawa lile halikuwa na kibali. Kibali si karatasi ya kumsumbua mwenye shamba. Ili kukipata lazima mtu mwenye ujuzi aketi na kukokotoa mvua kubwa inaweza kuleta maji kiasi gani, utoro uwe na upana gani, na nani anaishi chini yake. Bwawa lisiloombewa kibali kwa kawaida ni bwawa ambalo hesabu hizo hazikupata kufanywa.

Hata zikifanywa, kuna wa kuzikata. Nchini China, mhaidrolojia Chen Xing alipendekeza bwawa la Banqiao, mkoani Henan, liwekewe malango 12 ya kutolea maji. Yakajengwa matano. Mwaka 1975, mwezi wa Agosti, mabaki ya kimbunga Nina yaliegama juu ya mkoa ule yakamwaga zaidi ya milimita 1,000 za mvua ndani ya saa 24, karibu mara mbili ya mvua ya Dodoma ya mwaka mzima. Simu zilikatika. Banqiao likabomoka usiku wa kuamkia Agosti 8, na mabwawa mengine kadhaa ya eneo lile nayo yakaenda. Makadirio ya waliokufa, wakiwamo waliokufa baadaye kwa njaa na maradhi, huanzia watu 26,000 na kupanda hadi zaidi ya 170,000. Kila ninapoona mchoro wa bwawa umerudi kutoka kwenye kikao cha bajeti na upana wa utoro umepunguzwa, namkumbuka Chen Xing na malango yake saba yaliyobaki kwenye karatasi.

Sasa, utoro uwe mpana kiasi gani? Hapa ndipo wahandisi tunatumia maneno ambayo yamewachanganya watu, nami napenda niyafungue. Tukisema "furiko la miaka 100" hatuna maana kwamba likishatokea mwaka huu wajukuu ndio watakaoliona tena. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka jana kulikuwaje, kuna nafasi moja katika mia ya kulipata furiko la ukubwa huo au zaidi. Nafasi moja katika mia inasikika ndogo. Lakini bwawa halikai mwaka mmoja. Ukilijenga likae miaka 50, uwezekano wa furiko hilo kulipata angalau mara moja katika maisha yake ni karibu asilimia 40. Ndiyo maana bwawa lenye kijiji chini yake halipaswi kujengwa kwa furiko la miaka 100. Mabwawa makubwa yenye watu chini huandaliwa kwa furiko la miaka 10,000, au kwa furiko kubwa kuliko yote ambalo anga la mahali pale linaweza kulizaa. Lambo la ng'ombe lililo porini, lisilo na nyumba chini, linaweza kuruhusiwa lijengwe kwa furiko dogo zaidi. Kinachoamua ni nani amelala chini ya tuta.

Tatizo letu ni kumbukumbu. Ili kukadiria furiko la miaka 10,000 unahitaji rekodi za mvua na za mto, na mito yetu mingi haina vipimo vya muda mrefu. Kariba, kule Zambezi, ni fundisho ninalolipenda. Wajenzi wakiwa kazini, mto ulifurika mwaka 1957, na mwaka 1958 ukaja na furiko kubwa zaidi lililofunika kazi waliyokuwa wameifanya mtoni. Hesabu zikapitiwa upya na malango ya kutolea maji yakaongezwa, hata ukuta ulipokamilika yakawa sita. Walikuwa na bahati kwamba mto uliwafundisha kabla ukuta haujakamilika. Na hadi leo ukuta ule, wenye kimo cha mita 128, unadai matunzo: maji yanayoruka kutoka kwenye malango yamechimba shimo chini yake la kina cha zaidi ya mita 80, na mwaka 2017 ilianza kazi ya kulitengeneza upya shimo hilo lisirudi kuuchimba msingi.

Nirudi nyuma ya tuta, kwenye ile nusu ya pili: maji yanayopita ndani.

Kila tuta la udongo linavuja. Wananchi hushtuka nikisema hivyo, lakini hakuna udongo usiopitisha maji kabisa. Swali ni maji kiasi gani, yanatokea wapi, na yanatoka na nini. Ndiyo sababu chini ya tuta lililojengwa kwa akili kuna mfereji mdogo unaokusanya maji yote ya mvujo na kuyapitisha kwenye kizingiti cha chuma chenye mkato wa pembe, kama herufi V. Unapima kimo cha maji kwenye mkato huo kwa rula, unasoma kwenye jedwali, unajua lita ngapi zinapita kwa sekunde. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika fani yetu na nakiamini kuliko vingi vyenye betri.

Kwenye bwawa moja la Dodoma nililikuta daftari la mzee mlinzi. Baada ya mbukwa ya Kigogo na shikamoo, nilimwuliza kama ana rekodi za mvujo. Akaniambia, "Mwanangu, rekodi ninazo, ila hakuna aliyewahi kuniomba." Akaingia kibandani akatoka na daftari la shule lililofungwa kwa nailoni. Kila Jumatatu alikuwa ameandika kimo cha maji bwawani, kimo cha maji kwenye mkato wa V, na neno moja: "safi". Kurasa kwa kurasa, safi, safi, safi. Kwenye kibanda alikuwa na chupa nyeupe ya maji ya kunywa, aliyoitoa karatasi ya nembo. Kila wiki aliijaza kwenye mfereji, akaiweka dirishani hadi kesho yake, kisha akatazama kama kuna kilichotua chini.

Sikuwa na cha kumfundisha. Maji ya mvujo yakiwa meupe, udongo uko mahali pake na maji yanapita tu. Siku yatakapotoka na tope, hata kama ni kidogo na hata kama bwawa halijajaa, ujue chembe za tuta zinasafiri, kuna njia inafunguka ndani kuanzia nyuma kuelekea mbele, na njia hiyo ikishafika kwenye maji hakuna wa kuiziba. Mzee alijua pia jambo ambalo wanafunzi wa chuo husahau: mvujo hupanda na kushuka kufuatana na kimo cha bwawa, kwa hiyo namba pekee haisemi kitu. Ukiona maji bwawani yameshuka na mvujo umepanda, hapo ndipo unapopiga simu. Alikuwa ameweka alama ya kalamu nyekundu kwenye wiki moja ya namna hiyo. Ilikuwa mvua iliyonyesha mgongoni mwa tuta ikaingia mfereji, na alikuwa ameandika hivyo pembeni.

Kule Idaho, Marekani, Juni 5, 1976, bwawa la Teton lenye tuta la mita 93 lilikuwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi wafanyakazi waliona maji ya tope yakitoka kwenye mgongo wa tuta karibu na ubavu wa mlima. Yakaletwa mabuldoza mawili kusukumia mawe kwenye tundu. Tundu likayameza yote mawili, na madereva wakanusurika. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika hadi chini. Walikufa watu 11. Idadi ingekuwa nyingine kabisa kama maji yangeanza kutoka usiku, na kama polisi wa miji ya chini wasingekuwa wameambiwa mapema wawatoe watu. Tangu maji ya tope kuonekana hadi tuta kukatika zilipita zaidi ya saa nne.

Dawa ya ugonjwa huu imejulikana tangu enzi za Karl Terzaghi, baba wa sayansi yetu ya udongo: mchanga. Ndani ya tuta, nyuma ya kiini cha udongo wa mfinyanzi, unasimamisha ukanda wa mchanga safi wenye chembe zilizopimwa. Ziwe kubwa kutosha kupitisha maji, na ndogo kutosha kuzizuia chembe za mfinyanzi zisipite. Udongo ukianza kusafiri, unakwama kwenye mchanga na tundu linajiziba lenyewe. Nimesimama kwenye miradi ambako mkandarasi anataka kumwaga mchanga wowote uliopatikana mtoni, wenye vumbi na majani, kwa sababu "si unafukiwa tu". Nimerudisha malori na nimechukiwa. Ukanda ule ukishafukiwa hakuna atakayeuona tena mpaka siku utakapohitajika.

Na kuna maadui ambao hawamo kwenye vitabu vya Ulaya kwa uzito tunaowajua sisi. Mchwa, kwa mfano. Kichuguu juu ya tuta ni dalili ya vyumba na njia chini yake, na maji yakipanda hadi hapo yatazitumia njia hizo. Miti nayo. Watu hupanda miti kwenye tuta kwa nia njema kabisa, wakidhani mizizi inalishika. Inalishika ikiwa hai. Ikifa inaoza na kuacha bomba. Nyasi fupi ndizo rafiki wa tuta. Ng'ombe wanaoshuka kunywa kwa kupitia mgongoni huchora mifereji, na bodaboda wanaolitumia tuta kama barabara hulila katikati. Katikati ndipo tuta lilipo refu zaidi, kwa hiyo ndipo udongo hujikaza na kushuka zaidi baada ya miaka. Mjenzi mwerevu huacha kinundu hapo. Kinundu kikishaliwa na magurudumu, maji yakipanda yatatafuta kwanza mahali pabaya kuliko pote, penye kina kirefu cha bwawa. Kamba ndefu iliyokazwa vizuri pamoja na kipima-usawa cha fundi mwashi vinatosha kuligundua hilo asubuhi moja.

Lakini kisa ambacho nakutana nacho mara nyingi kuliko vyote ni cha samaki. Bwawa likijaa, perege huondoka na maji ya utoro, na wavuvi huona mtaji unakwenda. Basi wanafunga wavu wa chuma kuvuka utoro. Mvua ya kwanza kubwa inaleta majani, magogo na mabua, wavu unafunikwa, na utoro unakuwa ukuta. Kwenye kijiji kimoja nilizungumza na mwenyekiti wa kamati tukiwa tumesimama juu ya wavu wenyewe.

"Mama mhandisi," akaniambia, "tukiutoa huu, tutakula nini?"

"Mwenyekiti, ndugu yangu, zile bati ninazoziona pale chini ni za nani?"

"Za kwetu. Ile ya tatu ni ya dada yangu."

Hakubishana tena, lakini nami sikutaka kuondoka nikiwa nimewanyang'anya kitoweo. Tulikubaliana wavu utolewe Oktoba hadi Mei, na wavuvi wachimbe vibwawa vya samaki upande wa pili, vinavyopata maji kwa bomba. Walivichimba viwili. Wavu ulitoka.

Kwenye mabwawa makubwa yenye malango, swali la utoro linageuka kuwa swali la lini. Aprili 2024 wananchi wa Rufiji na Kibiti walikuwa ndani ya maji, na mjadala ulikuwa mkali kama ni mvua au ni Bwawa la Nyerere. Ni ukuta wa mita 131, urefu wake unazidi kilomita moja, mitambo yake imesanifiwa kutoa megawati 2,115, na ulianza kuzuia maji Desemba 22, 2022. Serikali ilieleza kuwa bwawa lilipunguza furiko. Wananchi walisema maji yaliyowafikia yalitoka kwenye bwawa. Kwa maoni yangu kauli hizo mbili zinaweza kusimama pamoja, na inafaa watu waelezwe kwa nini.

Bwawa hupunguza furiko kwa nafasi tupu iliyomo ndani yake wakati furiko linapoingia. Msimu wa kwanza, likiwa tupu, linaweza kumeza karibu kila kitu. Likishajaa, maji yanayoingia lazima yatoke, kwa sababu mhandisi hatayaacha yapande juu ya kikomo cha ukuta. Lango likifunguliwa, mtu wa Rufiji anaona maji ya bwawa, na ni kweli yametoka humo, ingawa ni maji ambayo mto ungeyaleta hata hivyo. Kinachobaki mikononi mwa binadamu ni kimo cha maji kabla ya masika. Kila mita unayoiacha tupu ni umeme ambao hukuuzalisha. Kila mita unayoijaza ni kinga uliyoipunguza. Mabwawa yanayoendeshwa vizuri huwa na mwongozo wa kimo cha maji kwa kila mwezi, mstari ambao maji hayaruhusiwi kuupita hata kama kuna hamu ya umeme. Ningependa mstari huo ubandikwe kwenye ofisi za kata za Rufiji na za ndugu zao wa Garissa na Tana River nchini Kenya, ambao kila masika makali hungoja habari za mabwawa ya Masinga na Kiambere kujaa. Warufiji waliishi na mafuriko vizazi na vizazi, wakilima mlau maji yakipwa, na wanajua kusoma kimo cha mto kuliko wengi waliosoma. Wakipewa takwimu watazitumia.

Watu wakikosa taarifa, au wakipewa zinazopingana, yanatokea ya Derna. Mwaka 2022 mtaalamu wa maji wa Libya, Abdelwanis Ashour, alichapisha utafiti akionya kwamba mabwawa mawili yaliyo juu ya mji ule, yaliyojengwa miaka ya 1970, yanahitaji matengenezo na kwamba furiko kubwa lingekuwa balaa. Usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023, kimbunga Daniel kilifika. Bwawa la juu lilikatika, maji yake yakaenda kulibeba la chini, na mitaa mizima ikasukumwa baharini. Maelfu walikufa. Usiku ule kulikuwa na amri za kuondoka na za kubaki ndani kwa wakati mmoja.

Linganisha na Oroville, California. Februari 2017 utoro wa bwawa hilo ulitoboka, maji yakaelekezwa kwenye utoro wa dharura, na ardhi chini yake ikaanza kumomonyoka kurudi nyuma kuelekea kizingiti. Lilikuwa kosa la kihandisi lililojificha kwa miaka mingi katika nchi tajiri. Februari 12 watu karibu 188,000 waliamriwa waondoke, wakaondoka. Bwawa halikukatika, na maji yale hayakuua mtu.

Wakati mwingine bwawa lenyewe halimo kwenye orodha yoyote. Mai Mahiu, Kenya, Aprili 29, 2024, kabla ya mapambazuko, maji na matope yaliwafagia makumi ya watu, na kwa saa kadhaa kila mtu alisema bwawa limepasuka. Ikaelezwa baadaye kuwa kalavati chini ya tuta la reli ya zamani lilizibwa na takataka za mvua, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakatoka kwa mkupuo. Tuta la reli au la barabara lililozibwa kalavati ni bwawa lisilo na utoro, lisilo na mlinzi wala daftari. Tunayo mengi. Migodi nayo ina yake: Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulikatika na tope likafunika mashamba na nyumba. Hakuna aliyekufa, na sijaacha kushukuru.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa na kumtwika mwenye bwawa wajibu. Ninachokipigania siku hizi ni hatua inayofuata, ya kushuka hadi kwenye kitongoji. Mwaka juzi tulikwenda na ramani kwenye kijiji kilicho chini ya bwawa la zamani. Kompyuta ilikuwa imetuchorea mstari wa mahali maji yangefika tuta likikatika. Tuliitandaza chini ya mbuyu. Bibi mmoja aliiangalia kwa muda, akasema mstari wetu umekosea upande wa mashariki, kwa kuwa mwaka wa mvua kubwa, alipokuwa mwali, mto ulipita nyuma ya kisima na si mbele yake. Tulikwenda kupima. Kulikuwa na mkondo wa kale uliojaa mchanga, ambao picha za satelaiti hazikuuonyesha vizuri. Mstari ukasogezwa, na nyumba kadhaa zilizokuwa salama zikaingia ndani.

Shule ya msingi ilikuwa ndani pia, nayo ndiyo iliyokuwa imeandikwa kama kituo cha kukimbilia. Kikachaguliwa kilima cha kanisa. Wakakubaliana kwamba mlinzi akiona tope kwenye mfereji ampigie mtendaji, mtendaji asipopokea ampigie mwalimu mkuu, na vocha ya mlinzi ilipwe na kamati ya maji. Kengele ya kanisa ipigwe bila kukoma, na msikitini watangaze kwa kipaza sauti. Jumamosi tukafanya zoezi la mchana. Hapo ndipo tulipogundua kwamba kaya za ng'ambo, ili kufika kilimani, zinalazimika kuvuka mto kwenye kivuko kile kile ambacho maji yangekifikia kwanza. Tukawatafutia mwinuko wao upande wao, tukaweka alama ya rangi kwenye mawe kuonyesha njia, na zoezi likarudiwa siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama.